Mashine ya santuri ya zamani: uiboreshe au ununue nyingine?

Swali hili huulizwa mapema mno. Mtu anaitoa mashine ya santuri iliyokaa kabatini miaka mingi, anaifuta vumbi, anaiwasha, na sauti inatoka ikiyumba na kukwaruza. Papo hapo anauliza: niitilie fedha hii, au ninunue nyingine? Wakati huo hakuna jibu, hata kwa fundi hodari, kwa sababu kinachosikika ni sindano iliyolika, mkanda uliolegea na oili iliyoganda. Mashine yenyewe bado haijasikika.

Kuna sehemu za mashine hii ambazo huchakaa na kubadilishwa kama kawaida: sindano, mkanda, mipira ya miguu, nyaya. Kisha kuna sehemu tatu zinazobeba uhai wake wote: beringi ya katikati, mota pamoja na mfumo wake wa kuzungusha, na maungio ya mkono. Msimamo wangu ni huu: hizo tatu zikiwa nzima, na zikiwa zilitengenezwa vizuri tangu mwanzo, boresha. Mojawapo ikiwa imekufa na spea yake haipatikani, au zote zikiwa dhaifu tangu kiwandani, nunua nyingine. Hatua zinazofuata zitakufikisha kwenye jibu lako kwa macho, mikono na masikio yako mwenyewe, kabla hujatoa fedha nyingi.

Hatua ya 1: Itambue mashine yako

Tafuta kibati cha modeli, ambacho aghalabu huwa chini au nyuma. Andika jina, volti na hezi (Hz). Kisha toa mkeka wa juu na uinue sinia, yaani lile duara linalobeba santuri, uone linazungushwa na nini.

Ukikuta mkanda wa mpira unaotoka kwenye puli ya mota, ni mashine ya mkanda. Ndiyo aina iliyoenea zaidi, na nyingi nzuri za miaka ya 1960 na 1970 ni za jamii hii: Thorens, Acoustic Research, Linn LP12 ya Scotland. Ukikuta gurudumu dogo la mpira linalobanwa kati ya mota na sinia, ni ya gurudumu; Garrard 301 na 401 za Uingereza na Lenco L75 ya Uswisi ni mifano inayoheshimika hadi leo. Usipokuta mkanda wala gurudumu, basi mota iko chini ya sinia lenyewe na inalizungusha moja kwa moja. Mfumo huo uliletwa sokoni na Technics kwa SP-10 mwaka 1970, na SL-1200 ikafuata mwaka 1972.

Aina ya nne ni ile ya sanduku jepesi la plastiki, yenye spika ndani, mkono usio na uzani wa kurekebisha nyuma, na kichwa cha seramiki. Kama yako ni hiyo, ruka hadi hatua ya 6. Vichwa hivyo hukandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi, wakati mashine ya kawaida hutumia kati ya gramu 1.5 na 2.5, na hakuna sehemu ya kuongeza itakayobadilisha asili yake.

Hatua ya 2: Umeme kwanza

Usiichomeke kabla ya kukagua waya wa umeme. Ganda lililopasuka, plagi iliyoungua, au waya uliofungwa kwa utepe ubadilishwe kwanza. Mashine ya volti 110 au 120 ukiichomeka kwenye volti 220 hadi 240 bila transfoma utaunguza mota. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti. Hakikisha imekaa mahali pake.

Hezi husahaulika zaidi, nayo inaweza kuamua kesi nzima. Mota nyingi za zamani hufuata mdundo wa umeme wenyewe. Mashine iliyotengenezwa kwa hezi 60, ikipewa hezi 50, itazunguka kwa asilimia 83 tu ya mwendo wake: badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika utapata karibu 27.8, na kila mwimbaji atasikika amechoka. Transfoma haitibu hilo, kwa kuwa hubadilisha volti na kuziacha hezi zilivyo. Dawa ni puli ya kipenyo kingine, kama ilitengenezwa kwa modeli yako, au kifaa cha kuzalisha umeme wa hezi sahihi, ambacho pengine kitagharimu kuliko mashine yenyewe. Mashine nyingi zinazozungusha moja kwa moja hazina tatizo hili, kwa sababu mota zake huongozwa na saketi yake yenyewe.

Hatua ya 3: Ipe haki yake kabla ya kuihukumu

Badilisha sindano. Ya almasi hudumu takriban saa 500 hadi 1,000 za kupiga, ikitegemea umbo lake na usafi wa santuri. Ya yakuti hudumu muda mfupi zaidi. Usipojua imepiga saa ngapi, ihesabu kuwa imekwisha. Sindano iliyolika ina kingo kali na hukata kuta za mfereji, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kwa hiyo usijaribu mashine ya zamani kwa santuri unayoipenda.

Mara nyingi sindano huchomoka peke yake kutoka kwenye katriji, yaani kile kichwa kidogo kilicho mwisho wa mkono. Soma jina lililoandikwa kwenye katriji ndipo utafute sindano yake. Shure waliacha biashara ya katriji mwaka 2018, lakini sindano za kuingia kwenye katriji zao bado zinatengenezwa na wengine, wakiwemo Jico wa Japani. Kwa hiyo kusikia kwamba kampuni haipo tena sokoni kusikukatishe tamaa.

Mkanda nao ubadilishwe. Ukinunua, pima urefu wa mzunguko, upana na unene wa ule wa zamani, kwa kuwa mkanda mnene kupita kiasi hubadilisha mwendo. Kama wa zamani umeyeyuka na kuwa utomvu mweusi, safisha puli na ukingo wa sinia kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Gurudumu la mpira lisafishwe vivyo hivyo, kisha lipitishe kidole: likiwa gumu na linang'aa, au lina bapa mahali lilipobanwa kwa miaka, litanguruma.

Kisha oili. Vuta sinia juu polepole, futa mhimili na kisima chake kwa kitambaa kisicho na nyuzi, weka matone mawili matatu ya oili nyepesi ya mashine, rudisha. Ukifuata kitabu cha mashine, ndio bora, maana beringi nyingine zilifungwa kiwandani na hazitaki kuguswa. Kwenye mashine zinazoinua mkono zenyewe, grisi iliyoganda ndiyo adui mkubwa. Watu wengi huziita mbovu wakati zinahitaji tu kuoshwa na kupakwa grisi mpya. Mashine nyingi za chapa ya Dual hukwama kwa sababu ya kipande cha mpira kilichomomonyoka, kidogo kama punje ya mchele, ambacho mafundi hukitengeneza upya kwa ganda la waya.

Gharama ya hatua hii yote ni ndogo, na sindano ndiyo itakayochukua sehemu kubwa. Usipotaka kutoa hata hiyo, basi uamuzi umeshafanyika: mashine hiyo huipendi vya kutosha.

Hatua ya 4: Pima zile sehemu tatu

Sasa kaa nayo mezani, mchana, bila haraka. Jibu linatoka hapa.

Anza na beringi. Ondoa mkanda, zungusha sinia kwa kidole na uliache. Kwenye mashine ya mkanda lizunguke kwa muda mrefu, likipungua taratibu hadi kusimama lenyewe. Likisimama ghafla, kuna kitu kinalishika. Tega sikio karibu: mwendo mzuri hauna sauti, mbaya una mkwaruzo wa chuma. Kisha shika ukingo wa sinia pande mbili na ulitikise pembeni kwa upole. Mchezo mdogo sana unavumilika, lakini ukisikia lile "tok, tok", kisima kimelika. Kuchonga kisima kipya ni kazi ya mtu wa lathi, na haifai ila kwa mashine ya thamani.

Pili ni mwendo. Huhitaji chombo chochote. Weka kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia, chukua saa, hesabu mizunguko: kwa 33⅓, dakika 3 ni mizunguko 100 kamili. Ukipata 99 au 101, umekosea kwa asilimia moja, kiasi ambacho wachache hukitambua kwa sikio. Ukipata 96, tatizo ni la kweli. Fanya hivyo huku santuri ikipigwa, maana mota dhaifu huzunguka vizuri ikiwa tupu na hulegea sindano inapogusa mfereji. Ukiwa na karatasi ya mistari ya kupimia, kumbuka kwamba ya hezi 50 ina mistari 180 kwa 33⅓, na ya hezi 60 ina 216. Iangalie chini ya taa inayopepesa na umeme. Taa nyingi za LED hazipepesi hivyo, na mtu anaweza kulaumu mashine bure.

Kuyumba ni jambo tofauti na kosa la mwendo, na kwa maoni yangu ni baya zaidi. Sikio huzoea wimbo ulio juu kidogo au chini kidogo, ila haliwezi kuzoea noti ya piano inayopanda na kushuka. Piga santuri yenye piano ya pole pole, noti ndefu. Kabla ya kuilaumu mashine, hakikisha tundu la santuri liko katikati kweli. Santuri nyingi zilitobolewa vibaya kiwandani. Jaribu mbili tatu. Zote zikiyumba, na mkanda ni mpya, mtuhumiwa ni mota, puli iliyopinda, au kwenye mashine zinazozungusha moja kwa moja, saketi inayoongoza mota. Saketi hiyo mara nyingi hupona kwa kapasita mpya na kwa kusafisha swichi za mwendo kwa dawa ya kontakti. Chipu maalumu ikiwa imekufa na haitengenezwi tena, mashine itageuka kuwa ya kung'olewa spea.

Tatu ni mkono, na hapa watu wengi hukagua haraka mno. Weka nguvu ya kuzuia mvuto wa ndani (anti-skate), yaani ile inayozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri, kwenye sifuri. Sogeza uzani wa nyuma hadi mkono uelee sambamba na sinia, haupandi, haushuki. Puliza polepole pembeni: utembee kwa pumzi tu, bila kusita mahali popote kutoka ukingoni hadi katikati. Ukisita mahali pale pale kila mara, kuna beringi iliyogongwa au waya uliokakamaa ndani. Kisha shika mkono karibu na egemeo, kwa ncha za vidole, na uuguse mbele na nyuma. Usisikie mlegeo. Mkono uliolegea hutoa sauti iliyotawanyika, herufi S zikichoma, na hakuna katriji ya bei itakayoficha kasoro hiyo. Angalia pia kama uzani wa nyuma umeinama. Mpira unaoushika huoza, na hilo hutengenezeka.

Maliza kwa kusikiliza ukimya. Shusha sindano kwenye mfereji mtupu kati ya nyimbo, ongeza sauti kiasi. Mngurumo mzito wa chini ni beringi au gurudumu. Mvumo unaodumu hata mashine ikiwa imesimama ni suala la nyaya: unganisha waya wa ardhi na amplifaya, safisha vikonyo vinne vya katriji. Usiibadilishe mashine kwa sababu ya mvumo kabla ya kufanya hayo mawili.

Hatua ya 5: Zikiwa nzima, boresha kwa mpangilio huu

Fedha ya kwanza iende kwenye katriji na sindano, ya pili kwenye kikuza sauti cha fono, na mkeka, nyaya na miguu vije mwisho kabisa. Sababu yangu si sauti peke yake. Katriji na fono utahama navyo siku ukibadilisha mashine, kwa hiyo fedha hiyo haipotei. Isipokuwa kwa zile katriji za kuchomeka bila skrubu, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1970: zenyewe huhitaji mkono wa aina yake, zina uzito wa gramu 6 na hukandamiza kwa gramu 1.25. Nyingine karibu zote hufungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7.

Chagua katriji ambayo sindano yake itapanda daraja bila kubadilisha mwili. Kwenye jamii ya VM95 ya Audio-Technica unaanza na sindano ya koni na unaweza kufika Shibata, umbo la sindano la daraja la juu, kwenye mwili ule ule. Ortofon 2M Red hupokea sindano ya 2M Blue. Kwa mtu asiye na hakika kama atabaki na mashine yake, huo ni ununuzi wa busara.

Katriji lazima iendane na mkono. Mkono mzito na sindano laini, yaani inayonyumbuka kirahisi, hutikisika kwa pamoja kwa kasi mbaya, kama ilivyo kwa mkono mwepesi na sindano ngumu. Kasi inayotakiwa ni kati ya hezi 8 na 12, yaani mitikisiko 8 hadi 12 kwa sekunde: juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda, chini ya muziki. Dalili ya ndoa mbaya utaiona kwa macho: koni za spika zinaingia na kutoka kwa kasi ndogo hali hakuna besi inayopigwa. Mikono mingi ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa miepesi sana, hivyo katriji ngumu za koili inayotembea, yaani zile ambazo sindano hutikisa koili badala ya sumaku, haziipendi. Kwa mikono hiyo baki na katriji za sumaku inayotembea.

Kikuza sauti cha fono ni lazima kwa katriji yoyote ya sumaku. Katriji ya sumaku inayotembea hutoa milivolti 3 hadi 6 tu, na santuri zenyewe hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeinuliwa, kwa mkunjo wa RIAA, chama cha kampuni za santuri za Marekani, uliokubaliwa mwaka 1954. Fono huurudisha muziki sawa. Amplifaya ya zamani yenye tundu la "PHONO" huenda ina fono nzuri kuliko kisanduku cha bei ya chini cha leo. Isikilize kwanza kabla ya kununua.

Ukimaliza kufunga, pima mkandamizo kwa mizani ndogo ya gramu. Namba zilizo kwenye uzani wa mashine kuukuu haziaminiki. Fuata kiwango cha mtengenezaji wa katriji, na kati ya chini na juu ya kiwango hicho chagua upande wa juu: sindano inayoelea bila kushika mfereji huharibu santuri zaidi ya ile inayokandamiza kidogo.

Hatua ya 6: Wakati wa kubadilisha

Kichwa cha seramiki, beringi iliyolika kwenye mashine ya kawaida, mkono uliolegea, chipu isiyopatikana, hezi zisizolingana bila puli mbadala: hizo ni sababu kamili. Nyingine ni hesabu. Uliza ukarabati wote ni kiasi gani, kisha uliza modeli ile ile iliyokwisha kukarabatiwa inauzwa kiasi gani. Ukarabati ukizidi bei hiyo, na mashine haina historia ya familia yako, acha. Ikiwa ina historia hiyo, itengeneze, na usimwombe mtu ruhusa.

Kuwa na hadhari na wazo kwamba mpya ni bora kwa kuwa ni mpya. Mashine ya bei ya chini kabisa ya leo, yenye mkono wa plastiki na sinia jepesi, hushindwa na Thorens au Technics ya miaka ya 1970 iliyotunzwa. Ubadilishaji una maana ukipanda daraja. Technics walisitisha SL-1200 mwaka 2010 wakairudisha mwaka 2016. Kati ya ya zamani iliyo nzima na mpya kuna tofauti ya bei kubwa kuliko tofauti ya sauti, na mimi ningechukua ya zamani kisha ziada nikanunulie santuri.

Ukienda dukani, kagua vitu vichache tu: uzani wa nyuma unaorekebishika, katriji inayobadilishwa, nguvu ya kuzuia mvuto wa ndani, na fono ya ndani inayoweza kuzimwa kwa swichi. Bluetooth na tundu la USB havisemi lolote kuhusu ubora wa mkono. Wenye santuri za mizunguko 78 wawe makini zaidi, maana mashine nyingi mpya zina 33⅓ na 45 peke yake. Santuri hizo zina mfereji mpana, zinataka sindano ya takriban mikroni 76, ilhali ya stirio ni karibu 18. Kama unazo nyingi, pengine jibu ni kuiweka ile kuukuu kwa ajili ya 78 na kununua nyingine kwa zilizobaki.

Mashine inayoondoka nyumbani, iwe unauza au unampa mtu, ifungwe vizuri. Vua sindano na uivalishe kofia yake, ondoa uzani wa nyuma, funga mkono kwenye kishikio chake kwa uzi laini, na toa sinia lisafiri peke yake likiwa limefungwa kitambaa. Sinia likiachwa juu ya mhimili njiani, kila shimo la barabara litaigonga ile beringi uliyothibitisha kuwa ni nzima. Kama mashine ina skrubu za kufunga springi au mota kwa safari, zikaze, na umwandikie anayeipokea kwamba azilegeze kabla ya kuwasha.